Maua ya bustani ndani ya nyumba: shajara ya msimu huu

Mpango

Nataka kila chumba kiwe na kitu kilichotoka bustanini msimu mzima, na kisiwe kitu kilekile. Mezani maua mabichi, ukutani fremu ya maua yaliyokandamizwa, mlangoni shada linalojikaukia lenyewe, kwenye kochi mto wenye chapa za petali. Masharti ni matatu. Ua la kununua haliingii. Sponji ya maua, ile ya kijani inayolowekwa, haiingii. Na hakuna ua linalokatwa kabla halijapangiwa kazi.

Sharti la tatu ndilo linalobeba mradi. Ua la kuweka kwenye maji lina saa yake ya kukatwa, la kukandamiza lina yake, la kukausha lina yake. Ukishakata umekata. Ua lililokatwa alfajiri likiwa limelowa umande litaota ukungu ndani ya karatasi, na haidrenjia changa inayopendeza kwenye bakuli itanyauka tu ukiitundika ikauke. Kwa hiyo uamuzi unafanyika tutani, mkasi ukiwa bado mfukoni.

Kilichopo sasa: mawaridi mekundu na meupe, zinia tele, dalia, alizeti fupi zenye matawi, marigoldi, haidrenjia upande wa kivulini, lavenda, makangaga chini ya ukuta, na bogonvilia iliyotanda uzio mzima. Mrihani nao nimeuweka kwenye hesabu. Majani yenye harufu hufanya kazi kubwa ndani ya shada kuliko wengi wanavyodhani, na ukiacha mrihani utoe vishada vya maua vya zambarau, unapata jani, ua na harufu kwenye kikonyo kimoja.

Jumamosi, alfajiri

Nimekata kabla jua halijatoka sawasawa. Usiku majani hupoteza maji kidogo sana huku mizizi ikiendelea kuvuta, ndiyo maana alfajiri kikonyo huwa kimejaa na kigumu. Jioni ni nafasi ya pili, na ina faida yake: mmea umeshatengeneza sukari kutwa nzima kwa mwanga wa jua, na sukari hiyo ndiyo akiba ya ua likishatengwa na mizizi. Mchana wa jua kali mkasi ukae ndani.

Ndoo ya maji naibeba mpaka kwenye tuta. Kikonyo kikikatwa huvuta hewa papo hapo, na kiputo kidogo cha hewa kikikaa ndani ya mrija wa maji kinaziba njia yote ya juu. Ua linaanza kulegea ilhali limesimama ndani ya maji, na mtu hajui kwa nini. Ukifika ndani, kata tena sentimita 2 au 3, mshazari, ikiwezekana ncha ikiwa chini ya maji. Mshazari una sababu mbili: mdomo wa kunywea unapanuka, na kikonyo hakikai bapa kwenye kitako cha chombo kikajiziba.

Sasa umri wa ua. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi asubuhi hii.

Zinia usiiangalie usoni, ishike mwilini. Kamata kikonyo kama sentimita 20 chini ya ua, tikisa taratibu. Kichwa kikiyumbayumba, iache. Kikisimama pamoja na kikonyo bila kupinda, kata. Zinia yenye shingo laini haipati nguvu tena hata uipe maji gani. Dalia hazichanui zaidi ya hapo ulipozikatia, kwa hiyo nazisubiri ziwe karibu zimefunguka zote, kisha nageuza ua nitazame mgongoni: petali za nyuma zikiwa bado imara, nalikata kwa chombo. Zikiwa zimeanza kuwa laini na kubadilika rangi, hilo nalikata kwa ajili ya petali tu. Waridi ni kinyume. Linatakiwa petali za nje zianze kuachia huku moyo bado umefumba. Tumba gumu mno likikatwa huenda lisifunguke kamwe. Alizeti hukatwa pale petali zinapoanza kuinuka kutoka usoni.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anashika ndoo. Akauliza, "Mama, mbona unakata yale mazuri?" Nikamwonyesha zinia iliyokatwa wiki iliyopita juu kidogo ya jozi ya majani: pale pale palipokatwa pametoka matawi mawili, kila moja na tumba lake. Zinia isiyokatwa hupeleka nguvu kwenye mbegu na kupunguza maua. Ametaka mkasi. Nimempa ule mdogo, na safu yake mwenyewe ya marigoldi.

Jumapili: maji

Kabla ya kupangwa, maua yote yamelala usiku kucha ndani ya ndoo zenye maji marefu, mahali penye giza na ubaridi. Kwanza nimeondoa kila jani ambalo lingezama. Jani lililozama huoza, bakteria huzaliana, na bakteria hao ndio wanaoziba mirija baadaye.

Kila mmea una matakwa yake. Dalia nilitia ncha zake kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, nikaziacha humo mpaka yakapoa. Haidrenjia ni ua la pekee: hunywa hata kwa kichwa. Iliyolegea izamishe nzima ndani ya beseni la maji baridi, nusu saa au zaidi, utaiona inajaa upya. Mimea yenye utomvu mweupe, kama jamii ya yuforbia, huchomwa ncha kwa moto wa kiberiti ili utomvu ugande usichafue maji. Vaa glavu unapoishika, na usipeleke mkono machoni, kwani utomvu huo unawasha vibaya.

Kisha nikaweka mitungi ya kioo ya kufanana, waridi na zinia kwenye kila mmoja. Wa kwanza maji matupu, hayaguswi. Wa pili maji matupu yanayobadilishwa kila siku na ncha kukatwa upya. Wa tatu mchanganyiko: lita moja ya maji, kijiko kidogo kimoja cha sukari, vijiko vidogo viwili vya maji ya limau, na matone machache ya klorini ya kufulia. Sukari ni chakula cha ua. Limau huongeza uchachu kidogo, na maji yenye uchachu hupanda kwa wepesi zaidi ndani ya kikonyo. Klorini huwazuia bakteria, na hiyo ndiyo nguzo ya mchanganyiko wenyewe, maana sukari peke yake huwalisha bakteria kabla haijalilisha ua.

Katikati ya wiki: matokeo ya mitungi

Mtungi wa kwanza umekuwa na ukungu mwepesi ndani ya maji, na vikonyo vikishikwa vinateleza. Mawaridi yake yameinamisha shingo ilhali petali bado nzuri. Hiyo ni njia ya maji iliyozibika, haina uhusiano na uzee wa ua. Nimeyakata upya na kuyalaza mazima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na yote isipokuwa moja yameinua kichwa.

Mtungi wa pili na wa tatu iko sawa kwa zinia. Sioni tofauti ya kunifanya nichanganye chochote. Kwa waridi ipo. Ya mtungi wa tatu yamechanua mpaka moyo ukaonekana, na rangi imebaki na kina. Uamuzi wangu: zinia na marigoldi maji safi kila siku, waridi mchanganyiko. Na vyombo vyote vikae mbali na bakuli la matunda. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo kwa maua mengi ni amri ya kuzeeka.

Ijumaa: bakuli la mezani

Nimelisubiri hili. Watu wengi wameambiwa kwamba bila sponji huwezi kupanga maua kwenye chombo kipana, na si kweli. Sponji ile hutengenezwa kwa plastiki ya fenoli na formaldehidi, haiozi, na hukatika kuwa vumbi la plastiki linaloishia kwenye maji na udongo. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku kwenye maonyesho yake kuanzia 2021, na hayo ni maonyesho ya watu wenye mahitaji makubwa kuliko meza yangu. Isitoshe, kabla sponji haijaingia sokoni miaka ya 1950, maua yalikuwa yakipangwa, tena makubwa. Constance Spry, mpambaji wa Uingereza, alijenga kazi zake juu ya waya wa kuku. Wajapani wana kenzani, kipande kizito cha chuma chenye sindano zilizosimama, ambacho huchomekwa vikonyo kwenye sahani isiyo na kina. Mtindo huo wa moribana ulianzishwa na Ohara Unshin mwishoni mwa karne ya 19.

Mimi nimetumia waya wa kuku. Kata kipande chenye upana wa mara mbili ya mdomo wa bakuli, kikunje kiwe tufe legevu, kisibanwe. Siri iko hapo: matundu yapishane kwa tabaka, ili kikonyo kipite tundu la juu, kishikwe na la kati, kisimamie la chini. Tufe lililobanwa sana halipitishi kitu, na lililolegea mno linaacha ua litembee. Nimelifunga kwa mkanda wa kunata uliovuka mdomo wa bakuli kwa umbo la msalaba, kisha maji mpaka theluthi mbili.

Makangaga yameingia kwanza, ncha zikining'inia nje ya ukingo ili bakuli lisionekane limekatika ghafla. Halafu haidrenjia, chini kabisa, karibu zilale juu ya waya. Vichwa vyake vinaficha kila kitu na vinashikilia vikonyo vya wenzake. Dalia zimefuata kwa urefu tofauti, moja ndefu, mbili za kati zikigeukia pande tofauti, moja imezama nusu kati ya haidrenjia. Nililigeuza bakuli kila baada ya ua moja. Upande wa kushoto nimeuacha na uwazi, dalia moja peke yake na hewa kando yake, na ni upande huo ambao jicho linarudi. Nilikuwa na dalia nyingine mkononi nikairudisha kwenye ndoo. Mwishoni lavenda, chache, na vishada vya mrihani.

Bakuli la mezani halitakiwi kuwazuia waliokaa kutazamana. Kwa chombo kirefu cha pembeni kipimo cha kuanzia ni maua yenye urefu wa mara moja na nusu ya chombo, kisha jicho liamue. Na kama chombo ni kioo, waya utaonekana; hapo tengeneza gridi ya mkanda mwembamba juu ya mdomo tu, ukihakikisha ukingo ni mkavu kabla ya kubandika.

Wiki iliyofuata: kukandamiza

Saa ya kukata imebadilika. Kwa karatasi nasubiri umande ukauke wote, asubuhi iliyokomaa, ua likiwa kavu nje lakini bado halijachoka. Ua bapa hukandamizwa zima. Nene kama zinia au waridi huvuliwa petali moja moja, kisha huunganishwa tena wakati wa kubandika.

Karatasi iwe ya kunyonya na isiwe na mikunjo wala chapa, kwa sababu petali hunakili kila mchoro. Petali zisigusane. Karatasi hubadilishwa siku za mwanzo, hasa ya kwanza na ya tatu, wakati unyevu mwingi unatoka. Baada ya hapo uzito mkubwa juu na wiki 2 hadi 4 bila kuchunguliachunguliwa.

Rangi zina tabia zake, na huu ndio ujuzi utakaookoa kazi ya mtu. Njano na chungwa za marigoldi hudumu, kwa kuwa rangi hiyo ni ya karotenoidi, ambayo haitetereki sana ua likikauka. Wekundu wa waridi unatokana na anthosianini na hugeuka kuwa damu ya mzee, karibu weusi. Nyeupe huelekea kwenye rangi ya krimu. Kwa hiyo fremu ya ukutani nimeipanga nikijua: marigoldi ndio mwanga wake, waridi jekundu ndilo kivuli chake, makangaga machanga ndiyo mifupa. Itatundikwa ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, la sivyo hata njano itafifia.

Kukausha

Lavenda nimeikata pale karibu nusu ya vijiua vya kila kishada vimefunguka, nikafunga mafungu membamba na kuyaning'iniza vichwa chini, mahali pa giza penye kupitisha upepo. Giza linalinda rangi, upepo unazuia ukungu. Mafungu manene huoza katikati. Nafunga kwa mpira unaovutika, kwa sababu vikonyo vikikauka hukonda na uzi wa kawaida ungeviachia vyote vidondoke.

Haidrenjia za kukausha bado ziko kwenye mmea. Zinaachwa mpaka zikishikwa zinatoa mchakacho wa karatasi, kisha zinasimamishwa kwenye maji kidogo yanayoachwa yaishe yenyewe.

Dalia nyeupe ziko ndani ya silika jeli, punje kavu zinazonyonya unyevu. Hapa mkono unatakiwa uwe mwepesi: punje zinamiminwa kwa kijiko pembeni kwanza, zijipenyeze chini ya kila petali na kuiinua, ndipo zifunike ua. Ukimimina juu moja kwa moja, petali zinalala na ua linatoka bapa. Chombo kinafunikwa kisipitishe hewa. Silika yangu ni ile inayobadilika rangi ikijaa unyevu. Naikausha upya kwa joto la oveni la takriban nyuzi 120 za selsiasi, na inatumika tena na tena.

Nyundo na kitambaa

Kitambaa cha pamba kimechemshwa na soda ya kufulia kuondoa mafuta na nta, kisha kikalowekwa kwenye maji ya shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye nyuzi.

Petali zinalazwa uso chini, karatasi juu yake, nyundo inaanza kwenye ukingo na kuelekea katikati. Kuanzia ukingoni kunachora mpaka wa petali kabla majimaji hayajasambaa. Marigoldi imetoa njano ya dhahabu yenye kila mstari wa petali. Kangaga limeacha umbo lake zima, mpaka vijani vya mwisho kabisa kwenye ncha. Bogonvilia inatoa rangi kali ya kushangaza siku hiyo, lakini sitaitumia kwenye mto: rangi yake ni ya betalaini na mwanga huifuta haraka. Kitambaa kinapumzishwa kwanza, kisha kinafuliwa kwa mkono, maji baridi na sabuni laini. Ni mto wa kupamba, hautavumilia kufuliwa kila mara.

Shada la mlangoni

Kitako ni mitambaazi iliyosukwa ikiwa mibichi, ikakaushwa kwenye umbo. Maua yanafungwa mafungu madogomadogo, kila moja likifunika vikonyo vya lililotangulia, yote yakielekea upande mmoja, na waya mmoja unaozunguka bila kukatwa mpaka mwisho. Nimeyajaza kupita kiasi makusudi, kwa kuwa yakikauka yatasinyaa na mapengo yatatokea.

Shangazi alipita nikiwa katikati. Akashika bogonvilia, akaisugua kati ya vidole. "Mwanangu, hizi si karatasi kweli?" Nikamfungulia moja. Hiyo tunayoiita petali ni jani lililovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kijirija cheupe katikati. Ndiyo maana inakauka vizuri hivi, haikuwa na maji mengi tangu mwanzo. Shangazi amekaa akanifungia mafungu ya lavenda na mrihani mpaka kitako kikajaa, mkono wake ni mtulivu kuliko wangu na mafungu yake yamelingana. Shada lake yeye linafuata, ameomba liwe la haidrenjia na kijani kitupu.

Hali ya mradi leo

Bakuli la mezani limeshabadilishwa: dalia zimetoka, alizeti zimeingia, haidrenjia na waya vilevile. Shada liko mlangoni na linakauka vizuri upande usiopigwa na mvua. Mto umeshonwa. Fremu inasubiri marigoldi zimalize kukauka. Maua yaliyozeeka yote yanaenda kwenye mboji, isipokuwa zinia kadhaa nilizoziacha kwenye mmea zikomaze mbegu.

Chumba cha watoto bado hakina kitu. Mwanangu anataka fremu ya marigoldi za safu yake, na nimemwambia azikate mwenyewe umande ukishakauka. Yungiyungi za bustani (lili) hazitaingia humo wala kwingine ndani, kwa sababu tuna paka na ua hilo ni sumu kali kwake, hata chavua inayomdondokea manyoyani.

Kazi za kesho: kuosha vyombo vyote kwa maji ya klorini, kubadilisha karatasi za makangaga, kuotesha mstari mwingine wa zinia nyuma ya dalia ili zipokee zamu hizi za sasa zikichoka, na kufungua kopo la silika kutazama dalia nyeupe.